Maji ya Jumapili

Jana jioni nilikuwa napunguza machipukizi ya minyanya niliyoipanda kwenye ndoo hapa uani kwangu Shirimatunda, ile harufu ikanirudisha nyumbani. Unaijua harufu ya jani la mnyanya? Ni kali, inabaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Nikakaa kwenye kigoda, nikajikuta naona haya peke yangu, mtu mzima, mama wa watoto. Hebu nikusimulie, labda itanipungua.

Kwetu ni kule juu mlimani. Miaka hiyo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wakaanza kung'oa mibuni kimyakimya na kupanda nyanya za kupeleka sokoni Kwa Sadala. Mama naye akapanda. Baba alishafariki, na mama alikuwa ametuambia wazi: nyanya zikikubali, dada anaingia sekondari, zisipokubali, anabaki nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Basi dada alikuwa akiamka asubuhi, kabla hata hajanawa uso, anakwenda kuzitazama nyanya kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Siku zile nazikumbuka kwa pua na masikio. Moshi wa jikoni, kiburu cha ndizi kinachemka na maharage na magadi, panga likilia kwenye migomba. Na chini ya yote, mchana kutwa, sauti ya mfongo. Mfongo ni mfereji wetu wa asili, mababu waliuchimba kuleta maji kutoka mtoni, huko juu karibu na msitu. Maji yalikwenda kwa zamu. Zamu yako ikifika unatoa kizibo cha gogo la mgomba na matope, maji yanaingia shambani kwako. Ikiisha unaziba, yanakwenda kwa mwenzako. Mzee wa mfongo ndiye aliyepanga, na akishapanga amepanga.

Mwaka mmoja ukaja ukame, na kila mtu ana nyanya. Mzee akapanga zamu upya. Yetu ikaangukia Jumapili asubuhi.

"Jumapili sishiki jembe," mama akamwambia. "Nibadilishie, baba."

"Nikikubadilishia wewe, kesho wote watakuja na sababu zao. Umwagilie, au maji yapite."

"Basi yapite."

Tulikuwa Walutheri kama wengi pale, lakini mama alishika dini zaidi. Mwinjilisti mwenyewe alimwita pembeni akamwambia Mungu hawezi kumkasirikia mjane anayeokoa mazao yake. Mama akajibu kwa adabu, "Mwinjilisti, unanihurumia, nashukuru. Lakini ahadi hii sikuiweka kwako." Dada akamwomba basi atumwe mtu mwingine afungue maji. Mama akasema, "Nikimtuma mtu, si nimefungua mimi?" Dada akaenda kulia kwenye banda la ng'ombe.

Ng'ambo ya mfongo alikaa jirani yetu mpika mbege. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi, na uani kwake wanaume walianza kukaa mapema na vibuyu vyao. Mama hakutaka tukanyage pale. Ndizi zetu zikiiva hakumuuzia hata mkungu mmoja, alisema ndizi zake haziingii kwenye pipa la kulevya watu. Jirani alikuwa akimpigia kelele kutoka kwake, "Mama mtakatifu! Hizo ndizi ni za kuoza? Zikioza zitakwenda mbinguni?" Mama anapita zake. Sisi watoto tukimwamkia, "Shikamoo mama," anaitika marahaba kwa furaha kabisa, halafu tunaharakisha kama tumeiba.

Jumapili ya kwanza tukapita kwenye mfongo na nguo zetu za kanisani. Maji yanapita pembeni mwa shamba letu, meupe, mengi, yanakwenda kwa watu. Wanaume wa mbege wakacheka. "Mama, leo atakumwagilia Bwana mwenyewe?" Mmoja akaongeza, "Mwambie asisahau na kwangu!" Mimi nikarudi nyuma, nikatembea na watoto wa familia nyingine hadi kanisani. Jumapili ya pili majani yalikuwa yamejikunja na maua yameanza kudondoka. Mama aliyaokota maua yale akayaweka kwenye kanga. Sijui alitaka kuyafanyia nini.

Jumapili ya tatu tunarudi kutoka kanisani, tunakuta matuta yote yamelowa. Maji yamesimama kwenye mifereji yanang'aa, minyanya imeanza kunyanyua shingo. Dada akapiga kelele. Mama akapiga magoti palepale, na gauni lake jeupe, kwenye tope. Akaomba kwa sauti mpaka watu wa njiani wakasimama. Mimi niliamini kabisa kuwa tumetembelewa na Mungu.

Wiki hiyo ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwetu. Sebule imejaa, wengine wamekaa nje kwenye magogo, na mzee wa mfongo alikuwepo, maana alipenda chai ya maziwa ya mama. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mama akasimama. Akasimulia yote, zamu, ukame, jinsi alivyokataa. Akasema, "Nilimwachia Mungu, na Mungu akamtuma malaika wake akafungua mfongo."

Mwanamke mmoja akakohoa. Mwingine akajifunika mdomo kwa kanga. Nikaona mabega ya watu yanatikisika.

Mzee wa mfongo akaweka kikombe chini. "Mama," akasema taratibu, "huyo malaika hata mimi nilimwona. Alikuwa amepandisha gauni mpaka magotini, ana jembe langu, na alikuwa ananuka mbege."

Walicheka, wewe! Walicheka mpaka mwinjilisti akainamisha kichwa kuficha meno yake. Kumbe kila aliyekwenda ibada ya pili, sisi tukiwa ya kwanza, alikuwa amemwona jirani yetu shambani kwetu, anazibua na kuziba, anaongoza maji tuta kwa tuta. Wote walijua isipokuwa sisi. Mama alibaki amesimama. Nilikuwa sijawahi kumwona mama hajui aweke wapi mikono yake.

Kesho yake mchana akanishika mkono, tukavuka. Akasimama nje ya ua kama mgeni. "Hodi."

"Karibu!" Jirani alikuwa anamenya ndizi. Akatutazama. "Hamjapotea?"

"Nimekuja kushukuru."

"Malaika anashukuriwa? Si mnamwimbia tu?" Wanaume wakaangua kicheko. Akawageukia, "Nyamazeni nyie, au mkanywe kwenu."

Mama akamuuliza kwa nini alifanya vile, wakati alijua yeye hakutaka mtu atumwe.

"Ulinituma wewe?"

"Hapana."

"Basi dhambi ni yangu, wewe yako iko wapi? Mimi nilimwona binti yako analia na ng'ombe. Anataka kusoma. Wewe shika Jumapili yako, mama, ishike vizuri. Mimi nitashika jembe."

Mama akakaa kwenye gogo. Akachukua kisu kilichokuwa kwenye beseni, akashika ndizi, halafu mkono ukasimama. Niliona anavyohangaika. Ndizi zile ni za mbege. Akakirudisha kisu polepole. "Jirani, nisamehe. Hata leo siwezi."

"Nani amekuomba?" Akacheka, akamwekea chai.

Mama akainywa yote, machozi yanamdondokea kikombeni. Siku ya zamu ya jirani, mama ndiye aliyeshuka kumfungulia maji, na Jumapili zilizofuata tulikuwa tukirudi kutoka kanisani tunakuta kwetu kumeshalowa.

Dada alikwenda sekondari. Zamu yangu mimi ilipofika, maji ya mfongo yalikuwa yamepungua mno, na nyanya hazikuwa na bei tena. Nimekuja kusoma ukubwani, madarasa ya jioni, baada ya kulaza watoto. Silalamiki. Jumapili yangu naishika mpaka leo, na wanangu wanajua siku hiyo duka letu halifunguliwi.

Siku hizi ukipanda kule juu, mfongo umejaa chupa za plastiki na majani makavu. Mzee wake alikufa na hakuna aliyechukua jembe lake. Uani kwa jirani kuna nyumba ya geti jeusi, ya mtu anayekuja Desemba tu. Jirani mwenyewe alichukuliwa na mwanawe kwenda kuishi tambarare, akazikwa hukohuko, tukasikia baadaye.

Sasa nikikaa naona haya kwa jambo moja ambalo hata na mama hatukuwahi kulizungumza. Katika ibada zile za nyumbani tulimwombea sana jirani. Tuliomba aache pombe, tuliomba moyo wake ulainike, na baada ya yale maji tuliomba hata kwa machozi. Na kila Jumapili asubuhi tulipita mlangoni kwake na nguo zetu safi, tunamwona ameshika jembe anatungoja tupite ili afungue maji, tunamwambia asante, tunakwenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akamuuliza kama angependa twende naye kanisani.