Chuma Kwenye Kikombe cha Mama

Kwetu Nkowe mgonjwa akipauka hapewi pole, anapewa kikombe cha kuongeza damu. Mama yangu huloweka bamba la jembe lililochakaa ndani ya chungu cha maji, kisha maji hayo ndiyo anayachemshia rozela. Ukali wa rozela huvuta kutu, kinywaji kinakuwa chekundu cha kuelekea weusi, na mama anakaa mbele yako mpaka umalize. Mimi nina selimundu, ugonjwa wa damu, tangu kuzaliwa. Kikombe hicho nimekinywa mara nyingi kuliko chai.

Safari hii nilikuwa nimelazwa Nachingwea mjini. Shavu la kushoto limevimba, pua imeziba, jicho linauma kwa ndani. Mkono mmoja una dripu, shavu siwezi kulilalia, basi kutwa natazama dari na kuichukia. Mama alifikia kwa shangazi hapo mjini. Alikuja na chungu na bamba la jembe juu ya bodaboda, kana kwamba mjini hakuna masufuria, na kila mchana aliniletea chupa ya chai ambayo ndani haikuwa na chai.

Daktari akasema ni fangasi. Nilitaka kucheka. Fangasi nilizozijua mimi ni za vidole vya miguu. Akaniambia hizi zimeingilia puani, zinapanda kuelekea kwenye jicho, na chakula chao ni madini ya chuma.

"Mwili unalijua hilo," alisema. "Ukivamiwa, unakifungia chuma ghalani ili mvamizi akikose. Ndiyo maana mtu mwenye maradhi ya muda mrefu hupauka hata akila vizuri. Lakini wewe umeongezewa damu tangu utotoni. Kila mfuko una chuma chake, na mwili hauna njia ya kukitoa. Ghala lako limejaa mpaka mlango haufungi."

"Basi msiniongezee tena."

"Damu yako ikishuka zaidi ya hapa, hutafika kesho kutwa."

Kilichonipa uhai ndicho kilichomlisha mgeni, na hakuna upande wa kukimbilia. Kisha akaiona chupa pale mezani, akaniuliza ina nini. Nilipomweleza, alisema chanzo ni mifuko ya miaka yote hiyo, si kikombe, ila kwa sasa tusiongeze hata kidogo.

Mchana uliofuata mama akamimina. Nikafunga mdomo kama mtoto.

"Hunywi, huli. Unataka nini, mwanangu?"

Mwanamke wa kitanda cha pili akadakia: "Kunywa, mwenzetu. Mama katoka mbali." Na wa kitanda cha tatu naye akaguna kumuunga mkono. Wema ukikuzunguka pande zote, hauna hata ufa wa kupumulia. Nikamwambia mama yote, kikombe na mifuko ya damu. Akafunga chupa polepole. Niliona kwamba amesikia kikombe tu.

Nikapelekwa hospitali ya rufaa, wakanipasua. Waliondoa kilichokwisha kuoza, na jicho nalo likaenda. Walinitundikia damu wakati wa kunipasua na baada yake, nami nilipozinduka nikaitazama ikishuka tone kwa tone, nikiihitaji na kuiogopa.

Siku bandeji ilipofunguliwa mama alikuwapo. Hakuwa na chupa wala kikapu. Mikono ilikuwa mapajani, hajui aiweke wapi, maana mama yangu hajawahi kuingia wodini mikono mitupu. Alinitazama usoni muda mrefu.

"Huyo mgeni nilimlisha mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Ulinilisha mimi, mama. Hukujua kuna mwingine anakula."

Akalia kimya kimya, akijifuta kwa pembe ya kanga. Nilimwambia tena maneno ya daktari, kwamba ni ile mifuko, na kweli ndivyo ilivyo. Lakini hasira nilikuwa nayo, nyingi, imenijaa mpaka kooni. Niliitafutia mtu wa kumpelekea. Waliojitolea damu zao siwajui, na kila mmoja wao aliniokoa. Aliyebaki ni huyu mwanamke aliyebeba chungu kwenye bodaboda. Nikamshika mkono, nikaimeza hasira yangu.