Siku Joka Lilipotoka Muyinga

Juzi niliondoka Musinzira, hapa Gitega ninapoishi, nikaenda Muyinga kumsalimu bibi. Lilipokuwa duka la mjomba siku hizi wanauza makava ya simu. Nilisimama mlangoni kitambo, na ukiniuliza niliona nini, nitakwambia niliona visanduku alivyotuuzia tukiwa watoto.

Vilikuwa na ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, vimezibwa kabisa, na ndani ya kila kimoja mlikuwa na kisanamu cha plastiki: askari, mchawi, jini, mnyama. Nje vyote vilifanana. Tulivitikisa, tukavinusa, tukavipima kwa viganja, mjomba akitucheka. "Vyote iko sawa. We kamata kimoja tu."

Aliyetufundisha mchezo wenyewe ni mwalimu. Jumamosi mchana aliunganisha madawati mawili, tukapanga visanamu vyetu, naye akaanza: mko msituni, daraja limevunjika, mnafanyaje? Kila mtoto alikisemea kisanamu chake, kisha akarusha dadu kujua kama ameweza. Joka hakuna aliyekuwa amelipata. Tulilijua kwa picha tu, ubavuni mwa kisanduku.

Idd moja bibi alinipa hela ya kisanduku kwa kuwa nilimsaidia kukaanga sambusa tangu alfajiri. Mkono wangu ulikuwa na mkosi, umeshanipa askari yuleyule mara nne. Nikamwomba msichana niliyekaa naye dawati moja twende dukani anichagulie. Wazazi wake walikuwa wamerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Kirundi hakukijua, na Kiswahili chake kilichonyooka kiliwachekesha wenzetu mpaka akaacha kusema kabisa. Alivitazama vyote bila kuvigusa, akachukua kimoja, akanipa.

Nilikifungua darasani. Kwanza lilitoka bawa, jembamba kama ganda la kitunguu. Kisha shingo, kisha meno, moja moja, madogo kuliko punje za ulezi. Mwalimu mwenyewe alivua miwani, akainama.

Nilitaka kulikumbatia, lakini mwalimu akasema, "Bon. Aliyelichagua ndiye atalisemea."

Tukaliweka mbele ya askari wetu, tayari kuliua. Dadu nilikuwa nazo mkononi. Yule msichana akashika ukingo wa dawati, akasema polepole:

"Nilitoka huku nikiwa bado yai. Nimerudi, nimekuta mmejenga juu ya kiota chetu. Sikuja kuwachoma. Nionesheni tu pa kulala."

Hakuna aliyecheka. Nje tulisikia mtu akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nikaziweka dadu chini bila kuzirusha. Kisha mmoja wa wale waliomcheka zaidi akasukuma askari wake pembeni. "Mi naona alale kwetu," akasema. "Nafasi iko."

Tangu siku hiyo yule msichana alisema, na tulimsikiliza Jumamosi zote, mpaka wazazi wake walipopata shamba Gishubi wakahama. Joka nilimpa aondoke nalo. Sikujuta.

Mjomba alifunga duka, mwalimu akahamishiwa mbali, na wale wachezaji sijui wametawanyikia wapi. Sura za visanamu vyangu zimenitoka nyingi. Sauti ile haijanitoka. Nilikuwa nimekaa kando yake muhula mzima, viwiko vyetu vikigusana, na sikujua kama ipo.