Piano ya Mwalimu Wangu

Waya mmoja wa piano ulikatika binti yangu akiwa katikati ya zoezi. Mfuniko ulikuwa wazi. Waya ukachomoka kwa mlio mkali na kumchana shavu, chini kidogo ya jicho. Jeraha lilikuwa dogo, lakini mume wangu alipomaliza kulisafisha aliubamiza mfuniko wa piano.

"Kitu hiki kitoke humu ndani," alisema. "Tununue kipya."

Piano ile kubwa ya miguu mitatu niliachiwa na mwalimu wangu, mjane wa mfanyabiashara wa Kihindi, alipohama nyumba yake ya Isamilo kwenda kuishi na mwanawe mjini. Nilianza kujifunza kwa piano hiyo miguu yangu ikiwa bado haifiki sakafuni. Sasa nami nilikuwa nafundisha, na wanafunzi wangu walikuwa wanakaribia mtihani.

Tukamwita fundi kutoka Nairobi. Alijilaza chini ya piano na tochi yake.

"Fremu ya chuma ikiwa na ufa, basi, imekufa," alisema.

Akawa anaikagua polepole, akigonga kwa kidole. Nadhani mume wangu alikuwa anaomba ufa uonekane. Mimi nilikuwa naomba usionekane.

"Chuma kizima. Ila ubao unaoshika nyuzi hizi za waya umepasuka. Lazima niifumue yote, tena kule kwangu. Na siwezi kukuahidi kwamba itarudi na sauti ile ile."

"Umemsikia," mume wangu akaniambia.

Nilikwenda kwa mwalimu, nikitumaini atanikataza kuiacha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso huo, kuna msiba?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza akikunja na kukunjua ncha ya sari yake, kisha akakasirika.

"Nilikupa piano, sikukupa kaburi la kulinda! Itengeneze au nunua mpya, shauri lako. Lakini usiende kumwambia mumeo kwamba mimi ndiye niliyesema."

Nilirudi nyumbani nimenywea.

"Nataka itengenezwe," nilimwambia mume wangu.

"Kwa ajili ya yule bibi?"

"Kwa ajili yangu."

"Na mtoto?"

"Hataigusa mpaka nyuzi zote ziwe mpya."

Lakini lori la kuipeleka Nairobi lilipokuja, mume wangu ndiye aliyeshika upande mzito, akiwafokea vibarua waende taratibu.

Wanafunzi walifanyia mtihani kwenye kinanda cha umeme tulichoazima kanisani. Mmoja alifeli, na mama yake akamhamishia kwa mwalimu mwingine.

Piano ilirudi mvua zikianza. Binti yangu aliikwepa kwa wiki kadhaa, sikumlazimisha. Mwalimu alikuja, akaketi, akapiga kidogo, akasimama.

"Sauti si ile."

"Ni mbaya?"

"Sijasema mbaya," alisema, akaanza upya kutoka mwanzo.