Ubeti Ambao Felista Hakuuimba

Wakati Atupakisye angali na sauti, watu wa kijiji cha Kinyala waliokuwa bado njiani walijua ibada imeanza kwa kumsikia yeye. Mwalimu wa kwaya, mzee Meshaki, alimsimamisha pembeni kabisa mwa safu ya soprano, kwa sababu akiwekwa katikati wenzake waliacha kuimba wakamsikiliza.

Kisha likaja rovu. Lilianza kama kiuvimbe kidogo chini ya koo, likakua, hata mwaka 1988 likawa linamkaba akilala. Daktari alimweleza mapema kwamba limekaa pabaya, na kwamba hata akipona, sauti huenda isirudi. Akapasuliwa, akapona, akarudi kwa mumewe Ambindwile na kovu jembamba shingoni. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni mkwaruzo, kama majani makavu ya mgomba yakisuguana. Jumapili ya kwanza alisimama mahali pake, akafungua kinywa, akakifunga. Jumapili ya pili alikaa benchi la nyuma na wazee. Meshaki hakumwuliza kitu, naye hakueleza.

Nyimbo alizokuwa akizitunga hazikujua kama sauti imeondoka. Ziliendelea kumjia vilevile, hasa asubuhi akichuma chai, kikapu mgongoni, ukungu ukiwa bado umelalia mistari. Kwa kuwa hakuweza kuziimba, alizipiga mluzi. Mama mkwe alimwambia waziwazi kuwa mwanamke anayepiga mluzi anajiitia mambo. Nyumbani Atupakisye akaacha. Shambani akaendelea.

Mstari wa pili alikuwa akichuma Felista, binti wa jirani, miaka kumi na minane, mwepesi wa mikono na wa kucheka. Siku moja Atupakisye alisikia mluzi wake ukimrudia kutoka ng'ambo ya chai, ila sasa ulikuwa sauti ya mtu, nene na tulivu, isiyopapatika hata pale wimbo unapopanda juu.

"Nani kakufundisha huo?" aliuliza.

"Wewe, dada Atu. Unaupiga tangu Jumatatu. Hauna maneno?"

"Maneno yapo."

"Basi nipe."

Akampa. Wakawa hivyo miaka miwili: mmoja anapiga mluzi, mwingine anaimba, mikono yao ikiendelea kuchuma. Felista akikosea noti, Atupakisye alitikisa kichwa tu. Akipatia, Atupakisye alisimama, akaacha jani mkononi, akahisi kifua chake mwenyewe kikijaa pumzi ya wimbo ambao haukuwa ukitoka kwake.

Wimbo mkubwa kuliko yote ulikuwa "Nirudishie". Aliutunga mwezi mzima. Ulikuwa na beti tatu, na ulianza hivi:

*Ulichonipa asubuhi, jioni sikioni tena,*
*Nirudishie, Bwana, nyumba imekuwa kimya.*

Felista alipouimba kanisani kwa mara ya kwanza, kila mtu alimlilia wa kwake. Wajane waliwalilia waume, akina mama waliwalilia watoto waliowazika. Hakuna aliyegeuka kutazama benchi la nyuma.

Siku hizo biashara zilikuwa zimefunguliwa. Foleni za sabuni zilikwisha sahaulika, na maduka ya Tukuyu yalijaa redio kaseti na vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka. Mtu mmoja aitwaye Ezron, aliyewahi kuuza mitumba Mbeya, alinunua mitambo ya kurekodia akawa anazunguka makanisani kutafuta waimbaji. Alimsikia Felista mara moja tu. Baada ya mavuno ya mahindi, Felista akaondoka naye kwenda Mbeya, na kutoka Mbeya akaenda Dar es Salaam.

Kaseti yake ya kwanza ilifika Tukuyu mwaka 1993. Ambindwile aliileta nyumbani, akavaa miwani, akasoma karatasi ya ndani mbele na nyuma. Nyimbo zilikuwa sita, tano za mkewe. Chini kabisa paliandikwa: "Nyimbo zote ni za Bwana."

"Jina lako halipo," alisema.

"Limeandikwa la Bwana."

"Bwana hajui kuchuma chai."

"Sasa unataka nimshitaki nani, baba Jenifer? Mungu?"

Ambindwile hakucheka. Lakini barua ya Felista ilipokuja, ikiomba nyimbo nyingine, ni yeye aliyenunua redio ya kurekodia na kuibeba hadi migombani. Atupakisye alisimama katikati ya migomba, akasoma maneno kwa mkwaruzo wake, halafu akapiga mluzi wimbo mzima, mara mbili, polepole. Kaseti ilifungwa kwenye gazeti na kukabidhiwa utingo wa basi la Dar. Alirekodi nyimbo saba namna hiyo. Kila alipomaliza moja alikaa kidogo pale chini, akijaribu kuisikia ndani ya koo la Felista, mbali huko.

Kaseti ya pili ndiyo iliyomfanya Felista awe Felista. Redio ilipiga nyimbo zake asubuhi na jioni. Wafanyakazi wa kiwanda cha chai waliziimba wakibadilishana zamu. "Nirudishie" ilirekodiwa upya humo, safari hii kwa vinanda. Atupakisye aliisikia Makandana, pale Tukuyu, amesimama kwenye kibanda cha fundi redio akingoja mvua ipungue. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, kiitikio, kisha vinanda vikacheza peke yao mpaka mwisho.

Alimwomba fundi airudishe. Fundi akairudisha. Ubeti wa tatu haukuwepo.

Mvua ilikuwa bado kubwa, lakini alitoka.

Jina kukosekana kwenye karatasi hakukumnyima usingizi. Ubeti ulimnyima. Alikumbuka kwamba hata kanisani Felista aliuimba harakaharaka, ameangalia chini, na hata kwenye kaseti ya kwanza uliishia katikati; akadhani ni mitambo. Alianza barua mara tatu akazichana. Barua zingemfanya aonekane kama mtu anayedai, naye hakuwa akidai. Alitaka kujua tu.

Mwaka 1996 Felista alikuja kuimba kwenye mkutano wa Injili Tukuyu. Siku ya pili alipanda Kinyala, amevaa viatu visivyofaa kwa matope, akaingia jikoni moja kwa moja kama zamani, akapiga goti kusalimia.

"Ndaga, dada."

"Ndaga. Karibu, vuta kigoda. Umenenepa."

Wakala ndizi kwa maziwa ya mgando. Wakaulizana habari za wazima na waliokufa. Vyombo vilipoondolewa, Atupakisye akamwuliza, "Felista, ubeti wa tatu uko wapi?"

Felista aliangalia mikono yake. "Ezron anadhani tumeutoa kwa kuwa wimbo ni mrefu. Nilimwacha adhani hivyo."

"Na kweli yenyewe?"

"Kweli ni kwamba siuwezi. Wanaume na wanawake elfu wamesimama mbele yangu, nami nikifika pale nakuona wewe kwenye lile benchi."

"Niimbie sasa."

"Dada."

"Niko hapa. Huna haja ya kuniona kwa mawazo."

Felista akaimba, bila vinanda, kwa sauti ya chini:

*Na kama hutarudisha, basi nipe wa kumpa,*
*asimame nilipokuwa, nami nikae nimsikie.*

Aliuimba wote. Alilia mwishoni, ila hakukatisha. Midomo ya Atupakisye ilikuwa ikitembea pamoja naye, bila mlio.

"Twende wote Dar," Felista alisema baadaye, akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Nina chumba. Uwe karibu. Hizi kaseti za basi zinanichosha, nakutaka wewe."

Ambindwile, aliyekuwa mlangoni, alisema yeye hana pingamizi.

Atupakisye alitamani kukubali. Usiku wa jana yake, akijua Felista yuko Tukuyu, alikuwa ameiwaza safari hiyo hata akaona kanga atakazobeba. Akatikisa kichwa.

"Nikikaa na sauti yako kila siku nitaichukia, mdogo wangu. Nikiwa mbali naitamani tu, na kutamani nimekwisha kuzoea."

Felista akashuka peke yake.

Kaseti ya tatu ilitoka na jina: "Mtunzi: Atupakisye, Kinyala." Mzee Meshaki alikuja na ile karatasi, amechoka kwa kupanda, akasema, "Miaka yote hii nimekuacha nyuma."

"Nilikaa mwenyewe, mwalimu."

"Basi njoo mbele. Soprano wangu hawajui kupumua."

Alikwenda. Kila Alhamisi alasiri alisimama mbele ya wasichana tisa, akawaongoza kwa mkono, akawarekebisha kwa mkwaruzo wake, nao walimwogopa na kumpenda. Waliimba vizuri. Wawili walikuwa na sauti za kutosha kusikika nje ya kanisa.

Felista aliendelea kuandika, kisha barua zikapungua. Alikuwa ameanza kutunga mwenyewe. Nyimbo zake za kwanza zilikuwa dhaifu, za baadaye zikawa nzuri. Atupakisye alizisikiliza zote kwenye redio. Palipokuwa na noti iliyohitaji kutikiswa kichwa, alitikisa kichwa, hapo jikoni, peke yake, akimenya ndizi.