Kosa la Emrys

Kwa miaka ishirini Emrys aliimba besi, sauti ya chini kabisa, katika kwaya ya wachimba makaa ya bonde lao huko Wales, na miaka yote hiyo aliuanza ubeti wa mwisho wa wimbo wa wafu kabla ya wenzake. Mwalimu wa kwaya, Ifor, alikuwa akimfokea: "Wee Emrys, unakimbilia wapi? Marehemu hana haraka!"

Kisha mgodi ukaporomoka, ukamfukia Emrys na wenzake wanane. Tume ya uchunguzi ikaandika kwamba makosa yalikuwa yao. Nguzo za mgodi zilizooza, alizozilalamikia Emrys mwaka mzima, hazikutajwa kabisa.

Siku ya kumbukumbu, mkewe Gwenllian alikaa mbele amekunja uso, ameapa kutolia machoni pa mabwana wa kampuni ya mgodi. Kwaya ikaimba wimbo wa wafu; ubeti wa mwisho ulipokaribia, Ifor akainua mkono kabla ya wakati, na waimbaji wote wa besi wakaingia mapema, kwa kishindo.

Gwenllian akacheka huku machozi yakimtiririka.

Mlangoni alimshika Ifor mikono yote miwili. "Asante, Mwalimu. Wale wamemwandikia kosa lisilo lake. Nyie mmemwimbia la kwake."