Bwana wa Maji Alikuja Alhamisi

Nikiwa na miaka tisa nilimpenda mwanamume aliyekaa mtoni. Sikuwa peke yangu. Shangazi yangu Odile, ambaye sisi watoto tulimwita Tantine, alimpenda kabla yangu, na ni yeye aliyenijulisha kwake, mchana kweupe, kwenye baraza la nyumba yetu katika komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kati ya cherehani yake na rundo la nguo za watu.

Mwanamume huyo alikuwa ndani ya kitabu. Tuseme vitabu, maana vilikuwa vitatu, vya Kifaransa, vimechakaa, na cha kwanza hakikuwa na jalada. Tantine alivipata kwa wale wanaotandika vitabu chini kando ya barabara mjini, na muuzaji alimwahidi cha nne na cha tano siku atakapovipata. Kifaransa changu kilikuwa bado cha kuokoteza, kwa hiyo alinisomea kwa Kiswahili. Saa kumi, Nkambo, yaani bibi yetu, akiwa bado amelala, Tantine aliondoa miguu kwenye cherehani na kufungua kitabu mapajani, nami niliendelea kufumua nguo alizokosea huku nimetega sikio. Msichana anadondosha kitana mtoni, mwanamume anatoka majini kukirudisha. Ilianza hivyo, na mimi nikanaswa papo hapo.

Sijanasuka hadi leo. Nauza dawa katika duka moja huko Makomeno, na mapumziko yangu ya mchana huishia kwenye riwaya za aina hiyo: mapenzi, mizimu, falme, vitabu vitano au saba mfululizo. Tuna kundi la wanawake kwenye WhatsApp tunaotumiana vitabu na kugombana juu yake, na mwenye mdomo ni mimi. Mashujaa wenye macho ya rangi ya fedha wananichosha. Kitabu cha tatu karibu kila mara ni cha kupoteza muda, wapenzi wanatengana kwa ugomvi ambao maneno mawili yangeumaliza. Na kinachonikera zaidi ni waandishi wanaochukua mizimu ya wazee, wanaiogesha, wanaipaka manukato, wakasahau kwamba kuna watu waliokuwa wakiiogopa kwa dhati. Mmoja wa kundi aliwahi kuniuliza, "Nadine, weye unatafutaka bwana gani mu bitabu?" Nilicheka tu. Ukweli ni mrefu, na huwa sipendi kulia mbele ya wateja.

Kwetu Kenya bwana wa maji hakuwa mtu wa kupendwa. Sebule nyingi zilikuwa na picha ya mamba muntu ukutani, nusu mwanamke nusu samaki, na watoto tulipita mbele yake tukiangalia sakafu. Huyo ni wa kuwafuata wanaume. Kwa wanawake huja mwanamume wa majini, anamfanya mtu mke wake bila ukoo kujua, anafukuza wachumba wote, na humletea zawadi kutoka kwao. Nkambo alitufundisha kwamba anayekula zawadi hizo naye amefungwa. Alilisema hilo kama vile wengine wanavyosema usiguse pasi ya moto.

Sasa Tantine alikuwa na miaka thelathini na mitatu na hakuwa na mume. Mfanyabiashara mmoja wa Kivu, mjane mwenye malori na ghala la unga, alikuwa amekuja mara mbili na kaka zake. Tantine aliwapa vinywaji, akaangalia vidole vya miguu yake mpaka wakaondoka.

Jumamosi moja tulifika mwisho wa kitabu cha tatu. Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu mwanzo.

"Tantine, atatokaka mu mayi siku moya? Akuye kukaa na ule binti?"

Hakuangalia kitabu. Aliangalia barabara. "Atatoka," alisema. "Siku ya ine iyi, atakuya kuongea na nkambo yake."

Siku ya ine ndiyo Alhamisi, na nilielewa kwamba hayo yamo katika kitabu cha nne.

Kesho yake, Jumapili mchana, alikuja jirani yetu Mama Véronique, mwanamke wa maombi, mwenye sauti iliyofika mpaka barabarani. Tantine alikuwa hajarudi kutoka kanisani. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nikimenya karanga.

"Odile iko na trente-trois ans," Nkambo alilalamika. "Bwana muzuri anakuya, yee anaangalia chini. Juu ya nini?"

"Pengine iko na mwingine mwenye kumufunga," Mama Véronique alisema.

Laiti ningeendelea na karanga zangu. Lakini nilikuwa najua kitu ambacho watu wazima hawakukijua, na kwa mtoto huo ni mwasho usiovumilika.

"Tantine iko na bwana yake," nikasema. "Bwana ya mu mayi. Anakuyaka kila siku ya ine."

Mama Véronique aliweka glasi chini. "Nani alikuambia?"

"Yee mwenyewe. Mikono yake iko mweusi mpaka hapa, hata anawa haitoke. Anakohoaka mbele ya kusema. Na anamuleteaka samaki ya kwabo."

"Samaki gani?" Nkambo aliuliza.

"Ya moshi."

Nkambo aligeuka kuangalia jikoni. Sisi ni Wakatoliki tuliotoka kaskazini, babu yetu alifuata kazi ya reli, na Ijumaa kwetu ilikuwa ya samaki. Tangu Pasaka tulikuwa tunakula samaki wakubwa wa moshi, watamu ajabu, kutoka Bukama juu kwenye mto. Tantine ndiye aliyewaleta kila Alhamisi jioni, anapotoka mjini kununua uzi. Masalio ya Ijumaa yalikuwa bado kwenye sufuria.

"Tulikula," Nkambo alisema polepole. "Batoto bote balikula."

Alinyanyuka, akabeba sufuria mpaka shimo la takataka, akaitupa pamoja na samaki. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikapiga kelele kwamba ni hadithi tu, imo kitabuni.

"Mu kitabu?" Mama Véronique alisema. "Ile kitabu njo mulango alipitia."

Jumatatu asubuhi baba yangu, kaka yake Tantine, alimkalisha mbele ya wote. Hakuwa mkali, alikuwa na hofu. "Odile, ile samaki, nani anakupatiaka?"

Tantine aliniangalia mimi, niliyesimama mlangoni na uso uliovimba kwa kulia. Natamani angekasirika.

"Ni bwana ya mayi," alisema. "Mutoto anasema kweli."

Vitabu vitatu vilichomwa uani. Maombi yalianza siku hiyo hiyo, na ikaamriwa kwamba Alhamisi Tantine asikanyage nje, wala mtu yeyote asimfikie.

Alhamisi ilipofika, saa kumi na moja, nilitumwa sabuni. Kwenye kona, karibu na fundi wa baiskeli, alisimama mwanamume aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alishika furushi la gazeti. Alikohoa kwanza.

"Mama," aliniambia kwa upole, kama watu wa kwetu wanavyomwita msichana mdogo, "kwa Odile mwenye kushona njo wapi?"

Niliangalia mikono yake. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo, weusi ulioingia ndani ya ngozi. Furushi lilinuka moshi.

Yule niliyempenda mchana kutwa alikuwa ametoka majini, kumbe alikuja kuchukua. Nilimfikiria Tantine, nikaona kwamba ni mimi tu niliyesimama kati yao. Sijawahi kuwa shujaa tena kama dakika ile.

"Odile hayiko," nikasema. "Alisha kuolewa. Alienda."

Hakubisha. Aliangalia furushi, akakohoa tena, akasema, "Aksanti, mama," akageuka kurudi upande wa mjini. Nilikimbia bila sabuni.

Nyumbani Tantine alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa ameshona tangu asubuhi, alisema Nkambo, na kweli mashine ilikuwa inakwenda. Nilipokaa pembeni yake niliona sindano haina uzi. Kila mtu alipopita barabarani aliinua kichwa. Sikumwambia mtu nilichokiona, wala yeye. Safari hii nilijua kufunga mdomo.

Mwisho wa mwaka Tantine alimkubali yule mfanyabiashara, wakahamia Butembo. Nkambo alikufa akisema maombi yamemfungua binti yake. Tantine alizaa wawili, akatutembelea mara tatu, akacheka na kila mtu. Alifariki huko, kwa kisukari, na hatukuwahi kuzungumza tena juu ya vitabu. Mimi kwa miaka yote hiyo nilibaki na siri yangu: kwamba nimemwona bwana wa maji uso kwa uso, na nimemshinda.

Msimu wa mvua uliopita mmoja wa kundi letu alituma vitabu vitano kwa mpigo. Ukurasa wa kwanza, msichana anadondosha kitana mtoni. Ilibidi nikae kwenye sanduku la dawa. Nilivisoma vyote, vya kwanza vitatu mara mbili, kwa kiu ya mtu anayetafuta sauti ya mwingine. Sikuipata. Mto wa kitabuni uko katika nchi ya theluji. Mwanamume ana mikono myeupe, huja mwezi mpevu, huleta lulu. Hakohoi hata mara moja. Hakuna samaki, hakuna Alhamisi, na msichana ni yatima, hana nkambo. Hayo Tantine hakuyasoma, aliyatia mwenyewe.

Nikakumbuka kwamba miaka ile Alhamisi ndiyo siku treni ya kaskazini ilipoingia, ikipitia Bukama. Nikakumbuka mikono ya babu yangu, mafuta ya injini yaliyoishinda hata sabuni ya kufulia. Kwa nini Tantine hakumtaja mtu wake huyo wa reli, sijui. Labda alikuwa wa kabila ambalo watu wake baba yangu wakati ule asingewaruhusu kukanyaga baraza letu. Labda alijisemea, wacha waamini wanachotaka, Alhamisi si mbali, atakuja kujisemea mwenyewe.

Kundi zima lililia mwisho wa kitabu cha tano, mwanamume anapotoka majini na kuvikwa taji. Niliandika kwamba ni mwisho mzuri, nikazima simu, nikarudi kwa wateja. Sina hamu ya taji. Nina hamu ya baraza lile saa kumi, nguo ya kufumua mapajani, nimwambie Tantine jambo moja tu. Kwamba alikuja. Alikuja siku ile ile aliyosema, na shati safi, na samaki mkononi, akauliza nyumba kwa adabu. Yeye hakulijua hilo mpaka anakufa. Alikaa siku nzima kwenye cherehani isiyo na uzi, akisubiri kusikia mtu akikohoa mlangoni.