Bia Iliyochacha kwa Makusudi

Kama kuna mtu aliyenichosha mwaka ule, si wagonjwa wangu wodini wala mabasi ya Wembley siku za mechi. Ni kaka yangu. Binti yangu, niliyemlea peke yangu tangu akiwa na miaka minne, aliniambia kuna kijana anataka kuja nyumbani kujitambulisha. Nikampigia kaka simu kule Kenton, kwa heshima tu, maana yeye ndiye mkubwa wetu hapa Uingereza. Akauliza kijana ni wa wapi. Nikamwambia ni Mbelgiji, fundi wa lifti.

"Awe Mbelgiji, awe nani," akasema, "pombe lazima iletwe."

Kwetu milimani, posa haianzi bila pombe. Watu wa kijana huleta pombe ya asali, huiweka mbele ya wenyeji, na hakuna anayeigusa mpaka binti aulizwe mbele ya wote: pombe hii tuinywe? Akisema ndiyo, amemkubali kijana. Akisema hapana, wageni hubeba pombe yao wakarudi kwao. Binti alipaswa kuelezwa hayo mapema. Mimi nilidhani kaka atamweleza, kwa kuwa mambo ya mila ameyashikilia yeye. Yeye alidhani nitamweleza mimi, kwa kuwa ndiye mama. Nilichomwambia mtoto ni kwamba mgeni alete bia, basi.

Jumamosi moja kabla ya siku yenyewe, binti yangu akaja na chupa moja kwenye begi. Alisema kijana ameitoa kwao Flandasi, huko Ubelgiji, na anataka nionje kwanza, nisije nikashtuka mbele za watu. Chupa yenyewe ilikuwa na kizibo cha gome na waya, na mbele imechorwa cheri, yale matunda mekundu madogo ambayo watu huweka juu ya keki. Nikaona sawa, mkwe mwenye adabu. Nikamimina kwenye glasi ya maji pale jikoni. Rangi yake nyekundu iliyoiva, povu lake la waridi. Bia ya waridi. Tangu hapo nilipaswa kujua.

Funda la kwanza lilikuwa dawa ya kikohozi ya watoto. Nimeimimina dawa ile kwenye vijiko miaka kumi na tisa, siwezi kukosea. Kabla sijameza, utamu ukakimbia, na nyuma yake ukaja uchachu wa kunivuta mashavu ndani, meno yakafa ganzi kama niliyelamba ukwaju wa pale dukani kwa Mgujarati, Kingsbury Road. Mwisho kabisa ikabaki harufu ya mbao za zamani. Halafu, kama kwamba haitoshi, utamu ukarudi tena.

"Imechacha," nikasema.

Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akachukua simu hapo hapo akamwambia kijana wa watu kwamba mama anasema bia yake imeharibika. Nikamwambia sikusema imeharibika, nimesema imechacha. Akaniuliza tofauti ni nini. Maharage yakichacha unamwaga. Pombe ya asali isipochacha hujapika pombe, umekoroga sharubati. Neno ni hilo moja na yeye anataka mawili.

Kijana akaeleza kwa upole, simu ikiwa mezani, kwamba bia ile wanaichachisha kwa makusudi. Wanailaza kwenye mapipa ya mbao miezi na miezi mpaka iwe chachu kabisa. Kisha wanatia cheri. Kisha wanatia sukari, kwa sababu bila sukari wengi hawaiwezi. Nikasonya. Kama hamtaki uchachu, kwa nini mmengoja muda wote huo ichache? Na kama mnautaka, sukari ya nini? Akacheka, akaniuliza kama niliinywa baridi. Nikasema imetoka kwenye begi. Akasema ndiyo maana, haifai kunywewa ikiwa na joto, iwekwe kwenye friji kwanza. Binti yangu akalishika neno hilo kama amri. Wiki nzima akawa ananikumbusha nipange upya friji yangu.

Siku ikafika, na ilikuwa siku ya mechi. Mabasi yalizungushwa, barabara imejaa watu wenye skafu. Kaka yangu akaingia saa nzima baada ya mgeni, amevaa suti na tai, jasho linamtoka, hasira zote za njiani kaniletea mimi. Kijana alikuwa amekaa kwenye kochi, magoti pamoja, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Chupa nne zilikuwa kwenye mfuko miguuni pake. Alikuwa amekatazwa na binti yangu asizitoe mpaka mjomba afike.

Akazitoa, akazipanga mezani. Binti yangu akanyanyuka azipeleke kwenye friji.

"Pombe haitoki mezani," kaka akasema.

"Uncle, two minutes."

"Keti chini. Hata dakika moja."

Akaketi, uso umevimba. Nikamwambia kaka nitauliza swali mimi, maana mtoto ni wangu. Akasema baba ndiye huuliza, baba hayupo, basi huuliza yeye. Sikutaka kugombana mbele ya mgeni. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akatoa sauti ile anayoitumia kanisani wakati wa matangazo.

"Mpwa wangu, pombe hii aliyoileta mgeni wetu, tuinywe?"

Binti yangu aliangalia chupa, akanyoosha mkono akaigusa moja.

"No," akasema. "Not yet. It's still warm."

Kaka alisikia lile hapana la kwanza, habari za joto hakuzingoja. Uso wake ukabadilika. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, akaanza kuzirudisha chupa kwenye mfuko, moja moja. Yule Mbelgiji, asiyejua lolote, akadhani ndio zinapelekwa kwenye friji, akaushika mfuko vizuri, mdomo wake ukiwa wazi, ili mzee asipate taabu. Nilitamani kulia na nilitamani kucheka, na vyote viwili vilinikasirisha.

"Mum, what did I say?"

"Umemkataa," nikamwambia. "Umeulizwa kama unamtaka mwenzako, wewe ukajibu habari za friji. Na wewe kaka, acha hizo chupa. Hakuna aliyemwambia mtoto kitu. Si wewe, si mimi."

Nikamweleza yote pale pale, kwa Kiswahili, taratibu. Alinisikiliza bila kuitazama simu. Nilipomaliza akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama kweli angesema hapana yule kijana angeondoka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama kuna mtu angemkasirikia.

Mimi pia niliulizwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, vibuyu viko katikati ya ua, na wajomba zangu walikuwa tayari wameshika pembe za kunywea mkononi. Baba yangu hakumaliza swali. Nilisema ndiyo, nikiwa natazama miguu yangu, kwa sababu watu walikuwa na kiu na ng'ombe walikuwa wameshahesabiwa. Sidai kwamba ndiyo sababu mume wangu aliondoka. Nasema tu kwamba sikuwahi kujua ningejibu nini kama ningepewa nafasi.

"Hakuna atakayekukasirikia," nikamwambia. "Nitakuuliza mimi."

"Swali haliulizwi mara mbili," kaka akasema.

"Hili litaulizwa."

Nikatoa chupa mfukoni, nikapambana na ule waya wao mpaka kizibo kikaruka, nikamimina. Povu la waridi likamwagika kwenye kitambaa changu cheupe. Nikauliza kama baba yangu alivyouliza, ila mpaka mwisho. Pombe hii tuinywe?

Binti yangu akaitazama glasi. Nje washabiki walikuwa wakipita wanaimba. Kaka akakohoa, nikamkata jicho. Kijana alikuwa ameshaelewa kwamba jambo linalozungumzwa si friji, maana alikuwa ameweka mikono juu ya magoti na hakuitikisa. Niliogopa. Sikuogopa kwamba atakataa. Niliogopa kwamba atakubali ili kutufurahisha, mimi na mjomba wake, tumalize tule pilau. Kwa hiyo sikumhimiza, na muda ukawa mrefu mpaka ukawa aibu, na bado sikumhimiza.

Akamtazama yule kijana kwa muda. Kisha akachukua glasi, akanywa funda moja, mashavu yakaingia ndani kama yangu siku ile.

"Imechacha," akasema. Kwa Kiswahili. Akafuta midomo kwa kiganja. "Lakini mimi naitaka. Kunywa, Mama."

Nikaipokea. Ilikuwa vuguvugu, tamu na chachu, mbaya vile vile kama ya jikoni. Niliinywa yote mpaka povu, kwa sababu mwanangu alikuwa ameulizwa, na safari hii watu walikuwa wamengoja.